Usiwakatizie Maji

Magharibi ilimkuta Lehemu njiani, akisukuma mkokoteni wenye madumu mawili ya maji huku akiwalaani kimoyomoyo watu wa idara ya maji, ambao hajawahi kuwaona kwa macho. Mabomba ya mtaa mzima yalikuwa yamekauka. Ukiyafungua yanakoroma, yanatema hewa yenye harufu ya kutu, kisha yananyamaza. Kwa fundi wa rejeta hiyo ni balaa, maana rejeta haipimwi bila maji. Kwa mtu anayeuguza mama yake ni balaa zaidi, na Lehemu alikuwa na mabalaa yote mawili chini ya paa moja.

Jina hilo alibandikwa na madereva kwa sababu ya vidole vyake, vilivyojaa makovu madogo ya lehemu ya moto. Sifa yake ilikuwa moja tu: rejeta ambayo wenzake waliitupa, yeye aliifufua. Akisifiwa hivyo alijifanya hasikii, kisha akamwomba msemaji arudie.

Langoni kwake alikuta lori. Lilikuwa lori la jeshi, la zamani sana, rangi ya majani iliyopauka, pua ndefu, kioo cha mbele cha vipande viwili. Nyuma vilibaki vyuma vitupu vilivyokuwa vikishikilia turubai. Mvuke ulikuwa unafuka puani. Pembeni alisimama mzee mmoja, mgongo wima, mikono nyuma, kama anasubiri kukaguliwa. Watu walimwita Afande, na hata wajukuu zake walimwita hivyo hivyo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye Lehemu?"

"Ndiye mimi. Naona limechemka."

"Linachemka, linavuja, linalia njia nzima. Lina haki. Kwa umri ni babu yako hilo." Mzee alicheka, kisha akaacha ghafla. "Mafundi wote niliowapitia wananiambia nibadilishe rejeta. Sitaki kubadilisha. Nimeambiwa wewe unatengeneza."

"Natengeneza."

"Hii hii? Na kifua chake hiki hiki?"

Kifua ndivyo mafundi wa pale walivyoiita sehemu ya katikati ya rejeta, ile yenye mirija myembamba inayopitisha maji kutoka tangi la juu kwenda tangi la chini.

"Hiki hiki, mzee. Nakuahidi."

Ahadi ilimtoka kirahisi, kama mtu anavyomkaribisha mgeni chakula huku akijua sufuria ni tupu.

"Mgeni amepewa maji?" Sauti ilitoka dirishani. Hapo ndipo kilipokuwa kitanda cha mama yake, Bi Mkubwa, dirisha likitazama ua ambao ndio uliokuwa karakana. Miguu ilikuwa imeshamkataa, lakini masikio yalikuwa mazima na ulimi ndio kabisa. "Wageni kwanza, mwanangu. Nyie wengine mtakunywa baadaye."

Ndivyo alivyokuwa mama huyo. Ukimpelekea chai kitandani atauliza kwanza kama paka amekunywa.

Lehemu akaleta maji kwenye kikombe cha bati. Afande akakipokea kwa mikono miwili. Hakunywa. Alifungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, akakimimina kikombe chote humo ndani, taratibu, mpaka tone la mwisho. Ndipo akaomba kingine, akanywa.

"Nina ombi," alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Kila jioni ukimaliza kazi, mtilie kikombe kimoja. Hata kama umeshamfungua, yuko mezani."

"Nimtilie nani, mzee?"

Afande aliitazama pua ya lori.

"Mtilie tu."

* * *

Kesho yake Lehemu alifungua mipira, akalegeza nati, akaikumbatia rejeta na kuitoa. Ilikuwa nzito kupita kiasi. Shaba tupu, kazi ya watu wa zamani ambao hawakuwa na haraka. Akaziba midomo yake yote, akaizamisha kwenye pipa la maji, akapuliza hewa kwa pampu. Fundi hufuata mapovu. Povu likitoka, hapo pana tundu.

Mapovu yalitoka kila mahali. Akafunga hewa.

Mapovu yakaendelea.

Yakaja... yakakoma. Yakaja... yakakoma. Polepole, kwa mpangilio, kama kifua cha mtu aliyelala. Na kutoka kwenye maji ikapanda harufu. Jasho la kale. Turubai iliyoloa. Kitu kingine kitamutamu alichokijua tangu siku alipokatwa mkono na feni ya injini.

"Hewa imekwama tu," alijiambia kwa sauti, na akaiopoa upesi kuliko alivyokusudia.

Laiti angesema aliogopa, mtu angemwelewa. Lakini alipokuja kujisaili baadaye, na alijisaili sana, aliona kwamba woga ulikuwa kidogo. Kikubwa kilikuwa uchovu. Kazi ile ilitaka kuyeyusha lehemu ya zamani, kuvua matangi, kupitisha waya bapa ndani ya kila mrija, kuziba tundu moja baada ya jingine. Mama alitaka kugeuzwa, kuoshwa, kulishwa uji. Afande alilitaka lori lake mwisho wa wiki, aende nalo kwenye mkutano wa askari wenzake wa zamani. Na pale ukutani kilining'inia kifua cha lori jingine, kizima, vipimo karibu sawa.

Akachukua tangi la juu la zamani na tangi la chini la zamani, katikati akaweka kifua kile kingine. Akapiga rangi nyeusi. Hata mwenyewe, akisogea nyuma kidogo, asingejua.

Afande alipokuja, lori liliwaka na kunguruma bila kutoa hata uzi wa mvuke. Mzee aliuweka mkono juu ya rejeta kwa muda mrefu.

"Ni ile ile?"

"Ni ile ile, mzee."

"Kifua kile kile?"

"Kile kile."

Afande alimshika bega. Macho yalikuwa yamemlowa. "Mungu akutunzie mama yako, kijana wangu," alisema, akapanda, akaondoka.

Lehemu alibaki langoni, uso unamwaka moto kwa aibu. Kifua cha zamani alikuwa amekiegemeza ukutani, nyuma ya mapipa, chini ya dirisha la Bi Mkubwa. Hakukitilia kikombe jioni ile. Wala zilizofuata.

* * *

Cha kwanza kilikuwa sauti.

Jua lilikuwa linazama, Lehemu anapanga vifaa. Akasikia mtu ananyonya. Kama mtoto anayenyonya mrija kwenye chupa iliyokwisha kinywaji. Srrr... srrr... Akageuka. Ua mtupu. Pipa la kupimia, alilolijaza asubuhi kwa jasho lake, lilikuwa limepungua hadi nusu. Akalikagua kote. Halikuwa na tundu, na chini yake ardhi ilikuwa kavu.

Jioni iliyofuata likabaki robo.

Na Bi Mkubwa akaanza kukauka. Hakuna neno jingine. Midomo ilipasuka, ngozi ya mkono ukiifinya inabaki imesimama. Mganga wa zahanati alikuja, akamtazama Lehemu kwa jicho la kushtaki.

"Humnyweshi mama?"

"Namnywesha, daktari! Kikombe hakitoki pembeni ya kitanda."

"Basi hanywi. Msimamie anywe. Akiendelea hivi, hafiki mbali."

Lehemu akaamua kuvizia. Jua lilipoanza kuzama alisimama kimya kwenye kona ya ukuta. Akaona mkono wa mama yake, mwembamba, unatoka dirishani umeshika kikombe cha bati. Ukakiinamisha. Maji yakamwagika chini, pale kifua kilipoegemezwa.

Hayakulia kugonga shaba. Hayakulowesha ardhi.

Srrr...

"Mama! Unafanya nini?"

"Usipige kelele, utawashtua." Bi Mkubwa alinong'ona. "Vijana wa watu. Wana kiu, maskini. Wananiita mama."

"Vijana gani?"

"Hao hapo. Mmoja hana mguu. Mpe huyo kwanza, mwanangu."

Lehemu akatazama chini ya dirisha. Kulikuwa na kifua cha rejeta tu, na mirija yake iliyopangana, midomo midogo myeusi imeelekea juu.

Yote imefunguka.

Alimfungia dirisha. Mama akalia kama mtoto. Usiku kucha alikataa kunywa, akisema hawezi kumeza huku watu wanasikiliza.

* * *

Afande alikuja kwa miguu. Hakusalimiwa wala hakusalimia.

"Gari langu halinywi."

"Si ndiyo vizuri, mzee? Halivuji tena."

"Miaka yote hii limekuwa likinywa. Kikombe kila jioni, na asubuhi kimekwisha. Nimelitilia jana, leo nafungua, maji yamejaa, yametulia, yananitazama." Alimsogelea Lehemu. "Umefanya nini, kijana wangu?"

Lehemu alifungua mdomo aseme uongo mwingine. Alikuwa nao, umeshaiva. Lakini dirishani mama yake alikohoa, kikohozi kikavu cha kukwaruza, na uongo ukamfia. Akanyoosha kidole nyuma ya mapipa.

Mzee alipiga magoti mbele ya kifua kile. Alikipapasa kwa viganja vyote viwili.

"Nisameheni," alikiambia.

Kisha akaeleza, bila kumtazama Lehemu.

"Nilikuwa dereva. Tunarudi kutoka mstari wa mbele vitani, nyuma nimebeba majeruhi. Maji yamebaki dumu moja, na rejeta imepigwa risasi, inavuja. Mkubwa wangu akasema, ukiwapa hawa, gari linakufa, na sisi tunakufa. Ukilipa gari, tunafika. Aliyasema hayo wakisikia. Mimi nikawaambia, subirini jamani, zamu yenu inakuja. Mmoja nilikuwa nimeshamtia kikombe mdomoni. Ameshaonja. Nikamkatiza. Nikamimina humu."

"Mkafika?"

"Mimi nilifika." Akafuta vumbi juu ya mirija. "Maji yao yaliingia humu, na wao wakayafuata. Sijui zaidi ya hapo. Najua tu kwamba nikiwapa kikombe jioni, nalala."

"Na mama yangu?"

"Umewaweka chini ya dirisha la mtu mwenye huruma. Wewe ulitegemea nini?"

Lehemu aliinua macho kuelekea dirishani. "Nikirudisha kifua mahali pake?"

"Rudisha leo, jua halijazama. Halafu ujaze mpaka juu, mpaka yafurike, bila kusimama. Hata iweje usiwakatizie. Nilishawakatizia mimi."

* * *

Walilileta lori. Lehemu alifanya kazi kama hajawahi kufanya, safari hii bila ujanja. Alizibua kila mrija, akaziba kila tundu, jasho likimdondokea kwenye moto wa lehemu na kuchemka. Rejeta ikarudi puani, kifua chake cha shaba mahali pake. Pipa la kupimia lilikuwa kavu kabisa. Maji yaliyobaki nyumbani, na pengine mtaa mzima, yalikuwa dumu moja alilopigania kwenye foleni asubuhi.

Kabla ya yote alimimina kikombe kimoja cha mama, akakiweka juu ya meza ya kazi. Bi Mkubwa alikuwa amesinzia. Akaona heri asimwamshe. Nitajaza hii, alijiambia, watatulia, wataondoka dirishani, kisha nitamnywesha kwa mkono wangu, naye atameza. Hesabu yake ilikuwa hiyo, na mtu yeyote mwenye mama angeipiga hivyo hivyo.

Afande alikuwa chini ya lori, ameukumbatia kwa mikono yote miwili mpira wa chini wa rejeta, ambao kifungio chake kilikuwa kimekatika.

"Mimina!"

Lehemu akainua dumu.

Maji yakaingia. Srrr... Rejeta ile ya kuingia maji ya ndoo moja ilimeza ndoo, ikaendelea kumeza. Harufu ikapanda, jasho na turubai na damu. Ndani ya mirija kitu kilikuwa kikigugumia, kikipokea, kikigombania.

"Mwanangu..."

Sauti kutoka dirishani.

"Nakuja, mama."

"Mwanangu... maji."

Mama yake hakuwa ameomba maji tangu augue. Siku zote aliulizia ya wengine. Lehemu aligeuza shingo kuelekea dirishani, na dumu likayumba.

"Usikatize!" Afande alipiga kelele chini ya lori. "Usikatize, mtoto wewe!"

"Subiri kidogo, mama! Namalizia. Zamu yako inakuja!"

Alijisikia akiyasema maneno hayo. Aliyatambua. Lakini mikono haikuacha kumimina.

"Maji... kidogo tu..."

Dumu likaisha. Maji yalikuwa yamesimama chini kidogo ya mdomo wa rejeta, yakichezacheza. Hayajafurika. Yakaanza kushuka.

"Bado?" aliuliza Afande.

"Bado kidogo."

"Ongeza!"

"Hakuna!"

Kulikuwa na kikombe. Kilikuwa pale mezani, karibu na kiwiko chake, kimejaa, kimetulia. Lehemu alikitazama. Dirishani kukawa kimya. Labda amelala tena, alijiambia. Labda anaweza kusubiri.

Akakimimina.

Maji yakapanda, yakagusa ukingo, yakafurika, yakatiririka kwenye pua ya lori hadi chini, na ardhi safari hii ikalowa. Mnyonyo ukakoma. Harufu ikatoweka. Ua ukawa ua tu, na jua likamalizikia nyuma ya paa.

"Wametulia," Afande alisema kwa mshangao, akijikokota kutoka chini ya lori. "Wametulia!"

Lehemu alikuwa ameshakimbia.

Bi Mkubwa alikuwa ameligeuzia dirisha uso. Mkono mmoja umetoka nje ya shuka, kiganja kimekunjwa kama bado kimeshika kikombe. Midomo imepasuka, iko wazi. Lehemu aliita. Aliinua kikombe cha bati alichokuja nacho mkononi, akakiinamisha juu ya midomo ile, akakitikisa. Tone moja lililobakia pembeni lilidondoka, likakaa juu ya mdomo wa chini, halikwenda popote.

Afande alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Ulimsikia akiita?" Lehemu aliuliza, bila kugeuka.

"Nilimsikia."

"Mbona hukuniambia niache?"

Mzee aliikunja kofia yake.

"Hata mimi hakuna aliyeniambia," alisema.

* * *

Kwenye msiba dada yake, aliyeolewa mbali, alimkumbatia mbele ya watu. "Asante, kaka," alilia. "Ulimtunza mpaka dakika ya mwisho. Wewe ndiye uliyekuwa naye." Watu wakaitikia kwamba kweli, watoto kama huyo ni wachache. Lehemu aliinamisha kichwa. Alitamani mmoja wao, hata mmoja tu, amtukane.

Siku iliyofuata maji yalirudi mtaani. Mabomba yote yalitapika kwa pamoja, akina mama wakapiga vigelegele, watoto wakaoga barabarani. Lehemu alijaza pipa lake, akaketi kulitazama mpaka giza likaingia. Halikupungua.

Afande hakuishi sana baada ya hapo. Alikwenda usingizini, uso wake laini kama wa kijana, na wajukuu wakashangaa kusikia kwamba lori amemwachia fundi wa rejeta. Wakalileta na kuliegesha uani, chini ya dirisha, mahali pale pale.

Lehemu hakuthubutu kulisogelea siku ya kwanza. Ya pili, jua lilipoanza kuzama, alisikia kile alichojua atakisikia. Srrr... Akachota maji kwa kikombe cha bati. Akafungua kifuniko. Akamimina kikombe chote, polepole, bila kukatiza.

Wakanywa. Akawasikia, wengi, wakipokezana.

Nyuma yao kabisa, chini kwenye mirija, ikaja pumzi moja ambayo haikugombania. Aliijua pumzi hiyo kabla hajajua jina lake mwenyewe.

"Mama?" alinong'ona. "Mama, umepata?"

Povu moja likapanda, likapasuka.

"Bado, mwanangu. Wape kwanza wageni."

Akachota kingine, akamimina. Akachota kingine. Pipa likabaki nusu, likabaki robo, mikono ikamfa ganzi, na kila alipouliza aliambiwa vile vile, kwa upole, kwa sauti iliyokauka.

"Bado. Wape hao kwanza."